Sukari Ambayo Kijiti Hakikuiona

Mpimaji wa maabara ya hospitali yetu, ambaye wauguzi walimwita Mama Chupa, alikuwa hodari wa utani. Asubuhi ile hakutania mtu. Mkojo ulioletwa ulikuwa wa mtoto wa kaka yake, kichanga aliyetapika kila aliponyonya, macho yamegeuka manjano.

Alichovya kijiti cha kupimia sukari. Hakikubadilika rangi. Akashusha pumzi, akamkimbilia daktari.

"Hana sukari!"

Daktari hakufurahi. "Kijiti kinaijua sukari moja tu, glukosi. Hebu pima kwa ile dawa ya buluu. Ile ina shaba, na ziko sukari nyingine pia zinazoibadilisha rangi ikichemshwa."

"Unaogopa nini, daktari?"

"Pima kwanza, dada."

Alidondosha mkojo kwenye dawa ndani ya bomba la kioo, akalitumbukiza katika maji yanayochemka. Baki buluu, aliomba moyoni, baki hivyo hivyo. Ikageuka kijani. Ikawa manjano. Mwisho ikatulia chini, nzito, nyekundu kama tofali. Akampelekea daktari lile bomba.

Daktari akaeleza: sukari ya maziwa huvunjika mwilini, ikawa glukosi na galaktosi. Huenda mtoto huyu hawezi kuitumia hiyo ya pili, nayo inalundikana na kumuumiza ini. Damu itapelekwa kupimwa, ila kusubiri majibu ni hatari. Aachishwe ziwa sasa hivi, apewe maziwa ya soya.

Shangazi mtu akaenda wodini mwenyewe.

"Wifi, mtoe mtoto kwenye ziwa."

"Ana njaa!"

"Najua. Mtoe."

"Kwani maziwa yangu yamemfanya nini?" Wifi alimkumbatia mwanawe, akageukia ukutani.

Mama Chupa akapiga magoti kando ya kitanda. "Maziwa yako hayana kosa, ni mwili wake unaoyakataa. Nimeona kwa macho yangu. Naogopa kama wewe, wifi yangu. Nipe."

Mikono ya wifi ikalegea taratibu.

Kutapika kulikoma, umanjano ukapungua, na majibu ya damu yakathibitisha hofu ya daktari. Mtoto sasa anakimbia. Ila shangazi yake hajatulia. Jirani akimnyooshea mtoto biskuti tu, sauti inamtoka shangazi kabla hajajijua:

"Ngoja! Ina maziwa hiyo?"