Nilisema Kisicho na Mfupa Si Nyama

Kosa ni langu. Nalisema mapema, kabla hujaanza kunihurumia kwa sababu ya mvi. Si shetani aliyenidanganya, si njaa, si uzee. Ni mimi mwenyewe, mzee wa kanisa, niliyewafundisha watoto dini miaka mingi hapa Kolwezi, niliyeigeuza sheria ya Kwaresima kwa ajili ya sahani ya viwavi.

Ndiyo, viwavi! Cheka tu. Hata mimi siku hizi nacheka na kumshukuru Mungu. Lakini mjukuu wangu alikaribia kukosa Komunyo ya kwanza kwa sababu yangu, na siku ile nyumbani kwetu hakuna aliyecheka.

Ngoja nikueleze taratibu.

Mimi na mke wangu tunakaa na wajukuu watatu. Wazazi wao wanafanya kazi upande wa Tenke na hurudi mwisho wa juma. Mkubwa ni msichana wa miaka tisa. Hapa nitamwita Ngalula. Wadogo zake ni mapacha wa miaka sita, Mbuyi na Kanku, wanaouliza maswali kama mahakimu. Mimi wananiita kaku, kama sisi watu wenye asili ya Kasai tunavyowaita babu.

Jumatano ya Majivu tulipotoka kanisani, majivu yakiwa bado kwenye paji la uso, niliwaketisha uani niwafundishe. Nawapenda sana wajukuu wangu. Lakini kufundisha, Mungu anisamehe, nakupenda karibu sawa nao.

"Wakati wa Kwaresima," nikasema, "Ijumaa hatuli nyama."

"Nyama njo nini?" akauliza Mbuyi.

Ningesema tu: ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kuku. Basi! Lakini nilitaka fundisho la kukumbukwa. Nikainua kidole.

"Nyama ni kila kitu chenye kutembea juu ya nchi kwa miguu. Samaki haina miguu, njo maana tunaikulaka."

"Kuku?"

"Iko na miguu."

"Bata?"

"Iko na miguu."

Kanku akafikiri kwa muda mrefu. "Kaku, meza iko na miguu."

"Meza haitembei!"

Mke wangu, aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, pembeni, akashikwa na kikohozi. Nakijua kikohozi chake kile. Hakitoki kifuani.

Mwanzo wa Kwaresima ulikwenda vizuri. Kila Ijumaa bukari, ugali wetu, na sombe, au bukari na samaki wakavu, na watoto hawakunung'unika hata kidogo. Mapacha walimsimamia kila mtu. Jirani akipitisha kuku kwapani siku ya Ijumaa, walimfuata hadi kwenye lango lake wakimwonya.

Kisha rafiki yangu wa zamani akaja kutoka Musumba. Unaijua barabara ile? Mtu aliyeipita na bado ana meno yake anastahili Misa ya shukrani. Naye, pamoja na taabu yote hiyo, aliniletea mfuko wa viwavi vikavu. Vinene! Vyeusi, safi, si vile vya kuokoteza ambavyo nusu yake ni mchanga. Alifika Alhamisi. Mke wangu akaviloweka.

Ijumaa akavipika kwa mafuta, vitunguu, nyanya na pilipili, kwa ajili ya Jumamosi. Kwa ajili ya Jumamosi, alisema wazi. Lakini harufu haijui kalenda! Iliniita kutoka barazani nikiwa na rozari mkononi, na rozari niliimaliza, ingawa sikumbuki mafumbo yake yalikuwa ya uchungu au ya furaha.

"Tungoye kesho, tata," mke wangu akasema.

"Kesho iko mbali," nikamjibu. "Pakua."

Sala ya kubariki chakula ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kusali. Nimefinyanga tonge la kwanza tu, Kanku akamwinua kiwavi mmoja kwa vidole viwili, akamgeuza tumbo juu.

"Kaku. Iko na miguu."

"Mingi," akasema Mbuyi. "Inapita mbuzi."

"Na inatembeaka juu ya nchi," akaongeza Ngalula, kwa upole kabisa, kama mtu anayemkumbusha mwenziwe kwamba amesahau kofia.

Mke wangu akaanza kuyaangalia mabati ya paa kana kwamba hajawahi kuyaona.

Hapo ndipo nilipopotea. Ningeweza kusema, "Fundisho langu la Jumatano halikuwa sawa." Ningeweza kusema, "Sijui, nitamwuliza padri." Maneno mepesi kiasi gani! Lakini koo la mwalimu mzee halipitishi neno sijui. Linapitisha viwavi tu.

"Sikieni," nikasema. "Miguu ni alama ya nje. Alama ya ndani ni mfupa. Kitu kisicho na mfupa si nyama."

"Na samaki?" Ngalula akauliza. "Samaki iko na mifupa."

"Ile si mifupa. Ni miba."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akakubali. Aliniamini yote! Ningemwambia jiwe ni mboga, angelitafuna. Imani ile machoni pake inanichoma mpaka leo.

Nikala sahani mbili.

Ijumaa iliyofuata, baada ya Njia ya Msalaba, kijana jirani yetu akanisimamisha mlangoni pa kanisa. Ni mchimbaji, anachimba Mutoshi, mkristu mwema, hakosi Misa hata akitoka shimoni na udongo masikioni.

"Tata, merci sana! Umetukomboa!"

"Nimewakomboa na nini?"

"Na sombe! Tulikuwa tunakufa na sombe kila Ijumaa. Sasa batoto ba kwako banafundisha kartie yote, nyumba kwa nyumba: kitu haina mfupa, haiko nyama. Leo tulikula maini. Maini ya ng'ombe, tata! Nilitafuta mfupa mule ndani, hata moja!"

Nikafungua mdomo nimsahihishe.

"Mungu akubariki," nikasema.

Mungu akubariki! Ndilo neno nililolipata, mimi niliyezoea kuongea saa nzima juu ya fadhila ya ukweli.

Mbele kidogo, kwa mwuza sosisi anayechoma karibu na kanisa, niliona msururu wa watoto, rozari shingoni, mikono imenyooshwa. Mapacha wangu walikuwa wa kwanza.

"Kaku, usiogope," Mbuyi akanituliza. "Tulikata ndani kwanza, tukaangalia. Haina mfupa."

Mwuza sosisi, ambaye si mtu wa kanisa lolote, akanisalimu kwa mikono miwili. Zamani Ijumaa za Kwaresima zilikuwa zinamlaza njaa. "Tata katekista! Karibu! Kwako weye ni bure, mpaka Pasaka!"

Sikula. Nilionja tu.

Nikajiambia, Pasaka iko karibu, jambo hili litajifia lenyewe. Ndivyo tunavyosema sote tukiwa na deni la ukweli.

Kabla ya Jumapili ya Matawi, mama katekista wa parokia aliwauliza maswali watoto wanaojiandaa kwa Komunyo ya kwanza. Zamu ya Ngalula ikafika.

"Ijumaa ya Kwaresima tunajinyima nini?"

"Mifupa," akajibu.

Na darasa zima nyuma yake: "Ndiyo, mama!"

Jioni hiyo hiyo mama katekista akaingia katika lupango letu, uani kwetu, amejifunga kitenge chake kwa nguvu, Ngalula akimfuata. Mama yule nilimfundisha mimi mwenyewe alipokuwa mtoto. Ananiheshimu kupita kiasi, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati mbaya.

"Tata, mutoto anasema weye njo ulimufundisha kama nyama ni ile yenye mfupa tu."

Wote walikuwa wananitazama. Mke wangu. Mapacha. Ngalula alikuwa mtulivu kabisa, kwa sababu alijua kaku yuko, kaku atasema.

Nikacheka. "Mimi? Ah, mama, batoto! Unasema hivi, banasikia vile."

"Mi nilijua! Tata weye, na akili yako yote!" Akamgeukia mtoto. "Kusahau si kitu. Lakini kusingizia muzee? Mutoto wa kusingizia muzee hawezi kupokea mwaka huu. Utangoya mwaka kesho."

Gauni jeupe lilikuwa limekwisha kushonwa. Lilikuwa limetundikwa chumbani, limefunikwa shuka lisipate vumbi, na kila asubuhi Ngalula aliinua pembe ya shuka, akalisalimu. Baba yake alikuwa ameomba ruhusa kazini.

Hakulia. Afadhali angelia! Alisubiri mama katekista atoke, akanitazama.

"Kaku, uongo iko na mfupa?"

"Unasema nini?"

"Ninauliza tu. Kama haina mfupa, labda Kwaresima banaruhusu."

Safari hii mke wangu hakukohoa.

Asubuhi, kabla hata ya chai, nilikuwa nimepiga magoti mbele ya paroko wetu. Ni kijana, angeweza kuwa mwanangu. Nikaungama yote: miguu, mfupa, miba, maini, sosisi ya kuonja, na mwisho lile jambo lililonileta, kwamba nimemfanya mtoto mkweli aonekane mwongo ili mimi nibaki na sifa. Niliona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia kwa ajili ya roho yangu.

"Tata," akasema alipoweza, "biwavi haiko nyama. Kanisa haijakukataza. Ungekula tu, bila kutafuta miguu ao mfupa."

Unasikia hilo? Nilidanganya ili nile kitu nilichoruhusiwa!

"Lakini sahani mbili, na mafuta ile yote, siku ya Ijumaa," akaendelea. "Ile njo kujinyima?"

"Hapana, padri," nikajibu.

"Na batoto ba miaka sita, sheria ya kuacha nyama haijabafikia bado. Weye mwenyewe ulikuwa unafundishaka vile, hapana?"

"Nilifundishaka, padri."

"Basi. Bale batoto balikuwa banajinyima kwa mapendo, na weye ulikuwa unakula kwa mafundisho. Sasa, kule neno lako lilifika, na weye ufike."

Nilianza na mama katekista. Aliposikia, ilibidi akae chini kwanza. Kisha Ijumaa, kabla ya kituo cha kwanza cha Njia ya Msalaba, nikaomba ruhusa kusimama mbele ya watu wote. Nimesimama pale mara nyingi maishani, lakini siku ile miguu yangu ilikuwa kama imekosa mifupa.

Nikasema yote. Nikasema Ngalula hakumsingizia mtu, na kwamba mwongo ni mimi.

Sauti ikatoka nyuma. Yule mchimbaji.

"Sasa, tata, na maini?"

"Maini ni nyama, kijana wangu."

"Hata bila mfupa?"

"Hata bila mfupa."

"Ayi, tata! Na ya leo iko kwenye moto ya mbabula!"

"Funika, utakula kesho!" akapiga kelele mama mmoja, na hapo watu wakashindwa kujizuia. Wazee walicheka. Wanakwaya walicheka. Mimi nilicheka na machozi yananitoka, sijui ya nini. Na katikati ya kelele zile nikamwona mama katekista anavuka kanisa, anainama mpaka uso wake unalingana na wa mjukuu wangu.

"Unisamehe, mama," akamwambia yule mtoto.

Ngalula alipokea siku ya Pasaka. Gauni lilikuwa refu kidogo. Alilishika kwa mkono mmoja asilikanyage. Aliporudi kwenye benchi, kati ya watu wote, alikuja kukaa karibu nami. Sikustahili. Nilisogea, nikampa nafasi.

Gharama nimelipa, na naendelea kulipa. Kwenye kartie sasa naitwa Tata Mfupa. Mwuza sosisi hanisalimu tena. Kila nikisema neno lolote la dini, mapacha wanamtazama dada yao kwanza, waone kama anakubali.

Ndugu yangu, wewe mwenye watoto wadogo, wewe hasa mzee mwenzangu uliyesoma dini na unayependa kusikilizwa, nakusihi: usiliache tumbo litunge sheria, halafu ukalivika kanzu! Watoto hawasahau. Tena hawabaki na neno lako nyumbani, wanalipeleka njiani, shuleni, kanisani, na likikurudia limekuwa kubwa kuliko wewe. Na likikurudia, likubali siku ile ile, kabla mtoto hajalilipia. Usipojua, sema sijui. Halina mfupa neno lile, halimkwami mtu kooni.

Mimi ndiyo naanza kulizoea. Juzi tulikuwa uani, Kanku akaniuliza, "Kaku, bamalaika beko na mifupa?"

Nikainua kidole. Nikakishusha.

"Sijui," nikasema.

Mbuyi akaruka, akakimbilia jikoni akipiga kelele. "Mukuye mbio! Kaku anagonjwa!"

Ngalula hakuinua hata kichwa. Alikuwa anachagua mchanga kwenye viwavi.

"Mumuache," akasema. "Kaku anajifunza."