Ngendo Aenda Kutafuta Kungfu

Mwaka ule Ngendo alikuwa akipiga pasi sare za makurutu wa polisi pale Kiganjo, katika kibanda cha dobi kilichokuwa nyuma ya maduka. Pasi ilikuwa ya makaa. Asubuhi moja ya mwezi wa Juni alisikia harufu ya nyama inayoungua, akageuka kumwuliza dobi ni nani anayechoma nyama mapema hivi, na dobi akapiga ukelele. Ulikuwa mkono wake Ngendo mwenyewe, umelala juu ya chuma.

"Kwani husikii?" dobi akamwuliza.

"Sisikii," akasema, akautazama mkono kama kitu kilicholetwa na mteja.

Mtoto wake Watiri alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, kwa kichomi, akiwa na miaka sita. Alikuwa mtoto wa pekee, tena wa kungojwa muda mrefu. Kwa desturi ya Wagikuyu binti wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake, na kwa kuwa mama mkwe wa Ngendo aliitwa Watiri, mtoto naye alikuwa Watiri. Mtoto akazikwa, jina likabaki. Kila asubuhi jirani alisimama penye ua akaita, "Watiri! Umeamka?" na bibi kizee akaitika. Ngendo mwenyewe watu hawakuwa na jina lingine la kumwita ila Mama Watiri, na mama mkwe alimwita hivyo hivyo. Hakuwa na nia mbaya. Ndilo jina lililokuwapo.

Kaburini Ngendo hakulia. Wanawake wa kanisa walimngoja, wakaimba wimbo mwingine, wakamngoja tena. Wako waliosema ana moyo wa jiwe na wako waliosema Mungu amempa nguvu. Yeye aliyasikia yote mawili na hakuona tofauti yake.

Rafiki yake Zabibu, muuza mahamri wa Majengo kule Nyeri mjini, ndiye aliyempeleka sinema ili atoke nyumbani kidogo. Ilikuwa ile miaka ya sabini ambapo picha za kungfu zilijaza kila ukumbi, na vijana walitoka humo wakirushiana mateke mpaka stendi ya basi. Ngendo alitazama mtu akipigwa kifuani. Mtu yule alianguka, akakunja uso, akainuka, akapigwa tena. Ukumbi mzima ulikuwa ukipiga kelele. Yeye aliinama mbele kama anayesoma maandishi madogo.

"Umependa?" Zabibu akamwuliza nje.

"Yule mtu akipigwa, anaumwa."

"Ni picha tu, dada. Hawaumizani."

"Lakini kuna mahali walifundishwa."

"Haya sasa! Ati unataka kwenda Uchina?"

"Nairobi itatosha," Ngendo akasema, na Zabibu akaacha kucheka.

Mume wake, Muriithi, alifanya kazi katika kinu cha mpunga huko Mwea na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Ngendo alimwambia wakiwa jikoni, bibi kizee akiwa upande wa pili wa moto.

"Kungfu?" Muriithi akasema. "Unataka kumpiga nani? Mimi?"

"Wewe sina shida na wewe."

"Basi nani?"

"Hakuna mtu. Nataka wao wanipige."

Muriithi aliangalia moto. Alikuwa mtu mpole, na tangu msiba alikuwa ameanza kuongea na mkewe kwa sauti ya mtu aliye chumbani mwa mgonjwa. Ni mama yake aliyejibu.

"Mwache aende. Wengine huenda kwa waganga, wengine huingia kwa pombe. Huyu anataka kurushiwa mateke na Wachina. Niko na miaka mingi na sijasikia kitu kama hicho, lakini hata kukaa tu hivi, tumeshaona haisaidii. Mama Watiri, ukifika huko ule vizuri."

Huko Nairobi alifikia Pumwani kwa Zuena, dada mkubwa wa Zabibu, aliyempa kitanda bila maswali mengi. Mahali pa kwanza alipoelekezwa palikuwa ukumbi mmoja wa mtaani, ambapo kijana aliyevaa pajama nyeusi alikuwa akivunja mbao mbele ya wenzake.

"Wewe ulifundishwa na nani?" Ngendo akamwuliza.

"Nilijifundisha mwenyewe, mama. Kwa picha."

Akamshukuru akaondoka. Kwao mtu anayesema alijifundisha uganga au uhunzi mwenyewe huitwa mwizi. Kazi ya kweli hutoka mkononi kwa mtu na kuingia mkononi kwa mwingine, na nyuma yake kuna wafu wanaojulikana majina. Ngendo alitaka mwalimu wa namna hiyo. Akafikiri: Wachina wanakula, na wanaokula wananunua mboga. Kesho yake alikwenda soko kubwa na kuuliza ni nani anayewapelekea Wachina tangawizi.

Wakamwonyesha mbeba mizigo mmoja aitwaye Moffat, mtu wa Kagio, mwenye mabega mapana na kofia ya sufu.

"Wewe ndiwe unapelekea Wachina mboga?"

"Ndiyo, mama. Unauza kabichi?"

"Natafuta mahali wanafundisha kungfu. Ile ya kweli."

Moffat alishusha gunia ili acheke vizuri. Alipomaliza aliona mwanamke bado amesimama pale pale. Akakuna kichwa. "Sasa nikikwambia mimi mwenyewe ni mwanafunzi, utasema nimekudanganya."

Shule ilikuwa uani, nyuma ya hoteli ya Kichina huko Ngara, kati ya mapipa ya mafuta na kamba ya kuanikia. Mwalimu alikuwa mpishi wa hoteli hiyo, Mzee Lam, aliyekuja pwani ujanani na kujifunza Kiswahili jikoni. Alifundisha alasiri, baada ya chakula cha mchana na kabla ya moto wa jioni. Ukutani kulikuwa na picha ya mwalimu wake aliyekufa, na chini yake vijiti vya ubani. Ngendo alipoiona picha ile alijua amefika.

"Mama hapana," Mzee Lam akasema. "Mimi fundisha wanaume tano. Basi."

Lakini hakumfukuza. Ngendo akaketi juu ya kreti ya soda, na kesho yake akaja tena, na siku zilizofuata vilevile. Ilikuwa Julai, baridi ya Nairobi ile isiyo na mvua wala jua. Alibeba chai katika themosi, chai ya Nyeri, iliyochemshwa pamoja na maziwa mpaka ikageuka rangi ya udongo, na sukari ya kutosha. Mtu hawezi kunywa peke yake mbele ya mzee. Kwa hiyo kila alasiri alimimina kikombe cha kwanza, akakishika kwa mikono miwili, akampelekea Mzee Lam.

Kila alasiri Mzee Lam alikitazama kikombe, akatikisa kichwa na kugeuka. Wale wanafunzi watano waliangaliana.

Kwao Ngendo, anayekataa chakula chako anakwambia amekuogopa. Aliwaza kwamba huyu mzee amenusa kifo juu yake, kama wale majirani walioacha kumpa watoto wao awapakate. Wazo hilo halikumwumiza. Alirudisha chai ndani ya themosi, na kesho yake akamimina tena.

Mwishowe Moffat alimfuata langoni.

"Mama, unajua kile unafanya?"

"Nampa mzee chai."

"Kwao chai ndiyo kuingia. Mwanafunzi anapiga magoti, anampa mwalimu kikombe. Akinywa, amekuwa baba yako. Mimi nilibeba maji hapa karibu mwaka mzima kabla aniambie leta chai. Na wewe unamletea kila siku kama uko hotelini! Ya maziwa!" Akacheka, kisha akaacha. "Si mchezo lakini. Akishakuwa baba, unamtii. Akiugua unamwangalia. Akifa unavaa nguo ya msiba, unamlilia kama mzazi. Hiyo ndiyo ahadi."

Ngendo alirudi Pumwani akalala akitazama bati. Asubuhi Zuena alidhani hatakwenda. Lakini alichemsha chai ile ile, kwa kuwa hakujua kuchemsha nyingine, na alasiri akaingia uani. Hakuketi kwenye kreti. Alimimina, akaenda mbele ya Mzee Lam, akapiga magoti juu ya saruji.

"Mzee," akasema, "sikujua desturi yenu. Moffat ameniambia. Ati ukinywa nimeahidi kukulilia siku yako ikifika. Mimi siwezi kuahidi hiyo. Niko na mtoto alikufa, na hata yeye sikumlilia. Sisikii kitu. Ukinywa, unywe ukijua."

Moffat alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mtoto jina gani?" Mzee Lam akauliza.

"Watiri."

Katika ua ule hapakuwa na mtu mwingine wa kuitika.

Mzee alifuta mikono yake iliyonuka kitunguu saumu. Kisha akachukua kikombe, akanywa chote kwa mkupuo mmoja, na uso wake ukajikunja.

"Sukari mingi," akasema. "Maziwa ya nini?" Akamrudishia kikombe. "Kulia hapana kazi ya hapa. Hapa kazi kusimama. Simama."

Akamtanua miguu kwa ncha ya kiatu, akambonyeza mabega mpaka magoti yakakunjika, kana kwamba ameketi juu ya farasi asiyekuwapo. Chini ya sketi Ngendo alikuwa amevaa suruali ya kazi ya Muriithi. Alikaa hivyo. Wanafunzi wengine walianza mazoezi yao pembeni yake.

"Mama, usitoe makalio nje, huchoti maji mtoni!" Moffat alimtania akipita.

Mzee Lam alirudi mara kwa mara, akimpiga paja kwa kiganja kama mtu anayejaribu gogo.

"Inauma?"

"Bado."

Akaenda, akarudi. "Inauma?"

"Bado, mzee."

"Basi kesho," akasema, akaingia jikoni kuwasha moto wa jioni. Ngendo alitembea mpaka Pumwani, akala, akalala. Alifikiri amejaribu na imeshindikana, na kwamba Ijumaa atarudi Kiganjo. Aliliwaza jambo hilo bila huzuni.

Asubuhi aliinuka ili atoke nje, na mapaja yake yakakataa. Alianguka mlangoni, akashika fremu. Alijaribu kuinuka, akaketi chini tena kwa nguvu, mdomo wazi.

Zuena alikuja mbio kutoka jikoni. "Una nini, mwanangu?"

"Miguu."

"Imefanya nini?"

"Inauma." Akajigusa paja, kama anayehakikisha. "Inauma sana."

"Wapi?"

"Hapa. Na hapa. Kote."

Zuena alileta mafuta ya nazi, akayapasha moto kidogo, akaketi sakafuni na kuanza kumkanda, huku akiwalaani Wachina wote kwa jumla na huyu mpishi kipekee. Alikuwa na mikono ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote.

"Polepole," Ngendo akasema.

Zuena akapunguza mkono.

Ilipokaribia alasiri Ngendo alioga kwa shida, akachemsha chai, akatoka kwenda Ngara, akishika kuta za nyumba njia nzima.