Baiskeli ya Baba Mdogo Obadia

Eliana anashona sare za shule pale Ulemo, na cherehani ndiyo inayomlisha. Baiskeli anazitengeneza kwa kupenda tu. Jumapili baada ya ibada, wenzake wakisukana, yeye yuko uani na spana na kopo la mafuta ya taa, anasugua kutu.

Mwaka jana Obadia, mdogo wa marehemu baba yake, alimletea baiskeli ya mashindano. Ujanani aliipata kwa mhandisi wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao, akashinda nayo mbio za Kiomboi hadi Singida Mjini. Tangu magoti yaanze kumsumbua ilikuwa imelala ghalani, kuku wakitagia juu ya magunia yaliyoifunika.

"Irudishe ilivyokuwa, mwanangu," alisema. "Usibadilishe hata nati."

Eliana alifurahi. Hakujua anachojitakia.

Tairi nyembamba za namna ile hazikuwepo Ulemo wala Kiomboi. Alipanda basi hadi Singida Mjini, akazunguka sokoni kutwa nzima, mpaka fundi mmoja akakubali kumwagizia Dar es Salaam. Zilipofika, Obadia alizibonyeza akaguna.

"Mbona nyembamba hivi? Zitatobolewa na miiba."

"Baba mdogo, si ndivyo zilivyokuwa?"

"Zile zilikuwa nene kidogo."

Hazikuwa nene. Lakini kila alasiri mzee alikuja, akavuta kigoda, akaanza kuelekeza. Eliana alipopaka fremu rangi ya kijani, akaambiwa ilikuwa bluu. Alimwonyesha chini ya siti, mahali ambapo hakuwa amegusa kwa msasa: kijani kitupu.

Obadia alitazama, akakohoa. "Basi mimi nilikuwa naiona bluu."

Kisha Eliana akaenda msibani Kinampanda. Aliporudi, gurudumu la nyuma halikuwepo. Obadia alikuwa amelipeleka kwa fundi wa bodaboda ili kazi iende haraka, na fundi huyo alizikaza spoku zote kwa nguvu zake zote. Liliporudishwa, gurudumu ambalo Eliana alilinyoosha jioni baada ya jioni lilikuwa linayumba kama mlevi.

Aliweka spana chini. "Baba mdogo, chukua baiskeli yako uende nayo. Mimi nimechoka."

Hakuwahi kumjibu mtu mzima hivyo. Obadia alisugua magoti.

"Nimekosa," akasema mwishowe. "Naona magoti haya yatanikataza kuiendesha kabla hujamaliza."

Eliana alitamani aendelee kukasirika, akashindwa, na hilo likamkasirisha zaidi. Alikubali kuendelea kwa sharti moja: mzee asikanyage pale mpaka aitwe. Hakukanyaga. Alimtuma mkewe, Dina, kila siku na mayai mawili matatu na swali lile lile: imeisha?

Ilipoisha, Obadia alikuja amevaa koti la kanisani. Alipanda akitetemeka, akapiga pedeli, kisha mgongo ukalala juu ya usukani kana kwamba haujapita mwaka hata mmoja. Akapotelea barabarani.

Eliana alingoja mpaka wasiwasi ukamzidi, akamfuata kwa miguu. Alimkuta dukani kwa Stefano, watu wamemzunguka.

"Gurudumu la nyuma ndilo lililonitesa," Obadia alikuwa anawaeleza. "Spoku zinataka uvumilivu." Alipomwona Eliana hakushtuka. "Huyu binti yangu alinishikia spana."

Eliana aliitoa baiskeli ukutani, akakunja sketi, akapanda, akaondoka. Nyuma yake Obadia aliita jina lake, watu wakacheka. Kwenye mteremko upepo ulimjaa masikioni. Hakuwahi kupanda kitu kinachokwenda vile.

Mzee aliletwa na bodaboda jua likiwa linazama. Alichechemea mpaka uani.

"Inakwenda?"

"Inakwenda, baba mdogo."

Obadia aliinama, akaishika breki, akaiachia, akaishika tena.

"Hii ya nyuma inalia," akasema. "Kesho uitazame."

Eliana aliingia ndani, akafunga mlango.