Mshahara Niliomshauri Autaje

Habari za kifo chake nilizipata Jumanne asubuhi, kabla sijamaliza chai. Mdogo wake alinipigia simu kutoka Msambweni, akaniamkia. "Kaka, dada ametutoka," akasema. Lori lilikuwa limeigonga bodaboda iliyokuwa ikimpeleka kazini Diani alfajiri ile. Madaktari walijitahidi, lakini ilipofika saa mbili alikuwa amekwisha kukata roho.

Hakuwa ndugu yangu, msomaji. Alikuwa mpishi wa mikate, niliyefahamiana naye miaka michache iliyopita nilipokuwa karani wa hoteli moja ambayo sitaitaja. Alikuja kwa usaili, nami kazi yangu siku hiyo ilikuwa kuandika majibu. Alipoulizwa anatarajia mshahara gani, alitaja kiasi bila kusita. Meneja akaiweka kalamu chini. "Mama, unawaona wale walioko nje? Yeyote kati yao ataichukua kazi hii kwa nusu ya hicho ulichotaja." Mimi niliinamia karatasi zangu, nikiomba asijibu. Akajibu. "Nawaona. Lakini mikate yenu yatakiwa iwe tayari kabla wageni hawajaamka. Anayeioka lazima alale karibu, na kodi ya chumba Ukunda mwaijua." Alishukuru, akatoka. Hakuitwa.

Wiki kadhaa baadaye alinipigia, sauti imembadilika. Mwenye nyumba wake alimtaka ahame. Vile vyumba alitaka kuvipaka rangi, avipangishe kwa wageni wa siku mbili tatu, ambao hulipa zaidi. Alikuwa na watoto wawili, na kila hoteli aliyobishia hodi ilimwambia asubiri. "Kaka, nifanyeje?" Nami nikamjibu haraka, kama mtu anayejua mambo. "Ile nafasi iko wazi tena. Njoo uombe tena, safari hii utaje kidogo. Ingia kwanza, mengine utayaona humo ndani." "Haya," akasema. Alitaja kidogo, akaajiriwa, na kwa mshahara ule akahamia kwa mama yake Ramisi, mbali kusini mwa Diani. Mimi nilijiona nimemsaidia.

Tulimzika huko Ramisi, alasiri ya Jumanne ile ile. Meneja alifika kuwapa pole wafiwa, na kwa nia njema kabisa akamwambia mama mzazi kwamba marehemu hakuwahi kuchelewa kazini hata siku moja. Mama alimkazia macho. "Alikuwa akiondoka hapa saa tisa usiku, baba. Kila nilipomwambia ahamie karibu na kazi, aliniuliza, kwa pesa gani?" Meneja aliaga mapema. Mimi nilibaki mpaka watu walipopungua. "Mama," nikamwambia, "mimi ndiye niliyemshauri ataje mshahara mdogo." Nilingoja anifukuze. "Najua, mwanangu. Aliniambia. Hakukulaumu. Alisema hata wewe ulikuwa unaogopa."

Alisema kweli. Niliogopa kumtetea mbele ya meneja, kwa kuwa kodi yangu mwenyewe ilinisubiri mwisho wa mwezi. Meneja naye huenda alimwogopa aliye juu yake. Na hofu hii ndiyo inayopanga mishahara katika pwani yetu. Nyumba zinajengwa kila uchao kutoka Diani hadi Galu, lakini anayetandika vitanda, anayeoka mikate na anayelinda lango wanazidi kusogezwa mbali, kisha tunawasifu kwa kuwahi kazini.

Tangu siku hiyo vijana wameniuliza mara mbili wataje mshahara gani kwenye usaili. Sikuwaambia wajishushe. Niliwaambia wakaulize kwanza kodi ya chumba kilicho karibu na kazi, kisha wataje kiasi kitakachowatosha, na wasione haya kueleza sababu. Huenda wakanyimwa kazi, na hilo linanitia wasiwasi kila nikikumbuka. Lakini anayepewa ajira isiyomwezesha kuishi karibu nayo amebebeshwa gharama ambayo mwajiri ameikwepa, na sisi tunaomshauri akubali tusijidanganye kwamba tumemfanyia wema.