Udongo wa Sapiwi Ulivyofika India

Magese alikuwa mwaka wa nne huko India, akisomea uhandisi wa kauri, na alikuwa amechoka. Amechoka na joto la matanuri, amechoka na dengu, amechoka kuulizwa na watu wa nyumbani ni masomo gani hayo ya vyungu yasiyoisha. Kiwanda cha serikali kilichompeleka kilikuwa kimeshauzwa. Miaka hiyo nini hakikuuzwa? Kilichobaki ni digrii, nayo ilidai utafiti wa mwisho: achukue udongo mbichi wa kwao Sapiwi, huko Bariadi, aupime kama unafaa kwa matofali ya tanuri, yale ya kujengea matanuri yanayostahimili moto mkali.

Akaandika nyumbani wamchimbie. Mtawa mmoja wa parokiani aliyekuwa akisafiri akaubeba.

Sasa, mama yake, Milembe, ni mfinyanzi. Kwao mfinyanzi anayejiheshimu hampi mtu udongo kama ulivyotoka shimoni. Ni sawa na kumtengea mgeni mtama usiosagwa. Basi kabla haujasafiri akauloweka, akatoa mawe, akatwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika na kuvichanganya humo ili usipasuke motoni, akaukanda mpaka ukalainika. Na wakati huo mgongo ulishamkataa, na ndoo za plastiki zilishajaa Bariadi hata vyungu vyake havikuwa na mnunuzi. Lakini kazi hii aliifanya kwa raha, jamani.

Magese akachoma vipande vya majaribio, lakini vipimo vikagoma, majibu si ya udongo mbichi. Mwalimu akachungulia punje kwenye hadubini, akatikisa kichwa.

"Humu kuna vitu vilivyokwisha kuchomwa. Mtu ameshautengeneza. Siwezi kuupokea."

Kungoja mwingine, muda haukuwepo. Magese akaketi sakafuni pale maabara akalia, kwa uchovu tu. Kisha akapima udongo wa hukohuko India, ambao wanafunzi wengi walishaupima kabla yake, akapata digrii ya kuponea chupuchupu. Kama udongo wa Sapiwi unafaa kwa matofali ya tanuri, mpaka leo hakuna ajuaye. Inaudhi.

Alirudi nyumbani mchana wa jua kali, begi begani, hana kazi wala ahadi ya kazi.

"Mwadila, mayu," akamwamkia mama yake kwa Kisukuma.

Mama akaitikia, akampokea begi, hata maji hajampa.

"Udongo wangu ulipasuka?"

Magese akavikumbuka vile vipande alivyovitoa tanurini, vyote vizima.

"Haukupasuka, mayu. Hata ufa mmoja."

"Nilijua," Milembe akasema, uso umemng'aa. "Basi kazi watakupa."