Njahi Alikula Bibi, Mgonjwa Nikiwa Mimi

Nakumbuka ile Jumamosi mama yangu alishuka kwangu Ruiru na sufuria ya njahi kubwa, ungeogesha ndama ndani. Mwanangu, njahi kwetu ni maharagwe nyeusi ya mwanamke amejifungua, mwanaume haweki mdomoni. Sasa bibi yangu Nyokabi hakuwa amejifungua. Miaka nne ya ndoa, hata mtoto wa kusingizia hakuna. Ndiyo mama na shangazi zangu wakaamua kumlisha njahi mpaka tumbo ishike adabu.

Na mimi je? Nilikuwa napakia magunia kwa kiwanda huko Thika. Asubuhi soseji na soda, saa sita chipsi za mafuta imepikiwa tangu uhuru, jioni nyama ya kuchoma, na sigara juu yake kama treni ya makaa. Mboga nilikuwa naionea kwa shamba ya wenyewe. Alafu nakaa hapo, kitambi mbele kama mama wa mapacha, naangalia bibi yangu akimeza njahi na machozi. Nikanyamaza. Nyani haoni kundule, mwanangu, na mimi nilikuwa nyani ya suti. Hiyo kunyamaza inanichoma mpaka leo.

Mama akasema mwaka ikiisha hivyo atanitafutia mwingine, kwa sababu jina ya baba yangu inangoja mjukuu wa kuibeba. Nyokabi akafunga nguo zake, akarudi kwao Gatuanyaga.

Nikamfuata. Baba yake hakunipa hata kiti. Alinipeleka kwa boma, akanionyesha ndume imekonda, inatafuna karatasi ya nailoni.

"Kijana, tangu kiangazi ianze hakuna ng'ombe hapa imeshika mimba. Nichape hawa wa kike?"

Nikasema hapana, mzee, shida ni ndume.

"Kumbe unajua," akasema, akiangalia kitambi yangu. "Na msichana wangu mnamlishia nini?"

Wee! Ningepata shimo ya panya ningeingia na viatu.

Tukaenda kupimwa Thika, mimi na Nyokabi. Yeye mzima kama kengele. Mimi mbegu chache, na hizo chache zimelala. Daktari hakunidanganya. Alisema kuna wanaume wanakula vizuri na bado wanahitaji matibabu. Lakini mimi nianze kwa kuacha sigara, soda na hayo mafuta, nikule mboga, maharagwe, samaki, matunda, nirudi baada ya miezi mitatu, maana mbegu haitengenezwi na siku moja.

Nyokabi akarudi kwangu, na Jumapili mama akaja na sufuria yake. Nikaivuta kwangu, nikala sahani mbili, shangazi wote wakiangalia kama nimevaa rinda.

"Mama, mgonjwa ni mimi," nikamwambia. "Nyokabi umuombe msamaha."

Akaweka mwiko chini. Alafu akamuomba.

Sigara na soda nikaacha, mboga nikala, na mwaka wa pili kijana akazaliwa, akalia mpaka Thika wakasikia. Mama akaleta njahi, sasa ya haki. Nyokabi akasukuma sahani kwangu. "Kula wewe. Mimi nilikula yangu mapema."

Mwanangu, mtoto ikichelewa, mpimwe wawili, na wewe utangulie. Angalia sahani yako kabla hujaangalia tumbo ya bibi. Na watu wako wakimsimanga, fungua mdomo, si kwa chipsi pekee. Mungu akupatie shamba nzuri na mbegu iko macho, na nyumba yako ijae kelele mpaka majirani wahame.