Miguu Iliyokataliwa Langoni

Mlinzi alinyoosha mkono kumzuia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, bila viatu huingii." Nyuma yake palikuwa na kibao cha halmashauri ya bustani, kimepakwa rangi upya: marufuku kuingia peku.

Mjane huyo, ambaye mtaani huitwa Bi Tope, alitazama chini. Vidole vya mguu wake wa kulia vimepandana, wala hakuna kiatu kinachovivumilia. Hata kandambili humvuka. Toroli la chuma ndilo lililoviponda, humo humo bustanini, alipokuwa kibarua.

Wakati huo ziwa la bustani lilikuwa shimo tu. Wakubwa walilijaza maji kwa mbwembwe, mchanga ukayanywa yote. Ndipo wakaletwa wanawake, yeye akiwemo, kukanyaga udongo wa mfinyanzi, wameshikana mabega, tabaka juu ya tabaka, mpaka sakafu ikashikamana kama chungu. Maji yakarudishwa, yakatulia. Siku ya ufunguzi wageni walipanda mashua, na wakanyagaji, ambao hawakualikwa, wakachungulia kwenye uzio. Yeye alikuwa kitandani, mguu umefungwa bendeji. Alipopona, sheria ya viatu ilikuwa imekwisha kutungwa. Tangu hapo kila akijaribu hurudishwa. Ziwa lililojaa hajawahi kulikaribia.

Wifi yake, aliyemsindikiza, alishindwa kujizuia. "Wifi, miguu hiyo hata fundi viatu akiiona atatimua mbio."

"Acha atimue. Yeye si ana viatu?"

Mlinzi alicheka, kisha akashusha sauti. "Mama yangu, zunguka nyuma. Nitakufungulia mlango wa vibarua, nani atajua?"

"Nitajua mimi. Mlango huo niliupita nikiwa kazini. Leo nimekuja kutembea."

"Jamani wifi, ndani si ndani tu?"

"Basi ingia wewe, uniletee habari."

Wifi hakuingia. Walirudi nyumbani pamoja, mmoja akichechemea, mwingine akinung'unika.

Halmashauri ya bustani inaijua habari hii. Imeelezwa kwa mdomo na kwa maandishi, nayo imejibu kwamba utaratibu ni utaratibu. Utaratibu unaomfungia mtu nje ya kazi ya miguu yake mwenyewe ni dhuluma, hata ukipigwa mihuri mia. Waheshimiwa, futeni marufuku hiyo. Fungueni lango la mbele, mama huyo apite mchana kweupe, peku, akakae kando ya maji.